Nywila Iliyoanikwa

Siku ya kongamano la programu huria mjini Porto Alegre, foleni ndefu kuliko zote ukumbini ilikuwa ya maji ya moto. Marlise alisimama humo na koti lake jekundu la sufu, kibuyu cha chimarrão, chai chungu ya kusini, mkononi, chupa kwapani, uso umekunjamana.

"Dada, maji hayajakukosea," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, sweta limetoboka kiwikoni, anatetemeka kwa baridi.

"Si maji, ni seva. Natunza seva ya benki ya damu. Nikikaa mbele yake, moduli za usimamizi, vile vijiprogramu vya kuichungulia, zinaniambia kila kitu: nani ameunganishwa, maombi mangapi yamekwama. Nikiziuliza kutoka mbali, kimya, kama mume aliyenuna."

"Seva gani?"

Akaitaja. Kijana akakuna kichwa. "Moduli hizo nimeziandika mimi. Na wenzangu, tunajitolea tu."

"Kumbe adui yangu ni wewe."

Alikuwa Evandro, mtu wa Recife, mgeni wa baridi ya kusini. Waliketi ngazini. Marlise akampa kibuyu. Akanywa, akakirudisha, akasema asante. Marlise akajaza, akanywa mwenyewe, akajaza tena, akanywa tena.

"Na mimi je?" Evandro akauliza.

"Umesema asante. Kwetu ukirudisha kibuyu na asante, umemaliza, hutaki tena."

"Basi sijasema."

Marlise akacheka, akamjazia. Evandro akavuta kompyuta ya Marlise, akamwonyesha lango la kufungua, jina la kuiita kila moduli, mahali pa kuweka nywila. Marlise akauliza: maombi mangapi kwenye foleni? Kutoka ng'ambo ya mji seva ikajibu: manne. Alifurahi kama mtu aliyeona mgonjwa wake anafumbua macho.

"Lakini mbona ripoti inayotolewa na moduli zenu inaanika hata nywila yangu?" Marlise akauliza.

Evandro akacheka. "Ukiona kosa letu, tuletee rekebisho, bibie. Ndiyo sheria."

Evandro hakurudi Recife. Alipanga chumba mtaa wa Bom Fim, akanunua koti. Kila asubuhi simu ya Marlise iliita.

"Umeamkaje, roho yangu?"

"Naumwa foleni."

"Ya maombi?"

"Ya kukusubiri wewe."

Mwezi wa Agosti, moduli zikaacha kujibu kabisa. Hospitali zilikuwa zinaagiza damu, maombi yanarundikana. Marlise akampigia.

"Evandro, nisaidie. Nakutumia ripoti nzima."

"Nipe dakika chache, mpenzi."

Evandro alifanya alivyozoea tangu ujana: aliichukua ripoti ilivyo, akaipeleka kwenye orodha ya barua pepe ya wanaojitolea, inayosomwa na yeyote duniani. Jibu zuri lilitoka kwa mtu asiyemjua, na seva ikapona kabla ya chakula cha mchana. Wakapongezana kwa simu.

Asubuhi iliyofuata mtu mwingine aliyeisoma barua ile aliingia kwa nywila ya Marlise, akazizima huduma zote moja moja, kupitia moduli zilezile. Mpaka saa sita hospitali zilikuwa zinatuma pikipiki kuomba damu kwa karatasi. Jioni Marlise alifukuzwa kazi, akakabidhi kitambulisho chake.

"Futa barua ile," alimwambia Evandro simuni huku akilia.

"Haifutiki. Imeshanakiliwa kila mahali. Marlise, sisi hufanya kazi hadharani. Bila hivyo seva isingepona."

Marlise alikuwa anasubiri kuombwa radhi tu. Akakata simu.

Machipuko yalipofika, Evandro alimkuta Marlise Jumapili moja kwenye bustani ya Redenção, peke yake kwenye benchi, na koti lilelile. Amekonda. Marlise akasogea kumpa nafasi, akajaza kibuyu, akampa.

"Nimeibadilisha moduli," Evandro alisema. "Sasa ripoti inaficha nywila. Nimeandika kwamba wazo ni la Marlise Bortolini. Litabaki humo."

"Niliposema, ulicheka."

"Nilicheka. Na siku ile nilitetea kazi yangu, wewe ukiwa unalia. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani."

Evandro akashusha pumzi. "Basi tuoane. Twende Recife, kuna joto, kuna kazi."

Marlise alitazama watoto wakikimbiza mbwa. Alimpenda bado, hilo ndilo lililomuuma. Lakini kila simu ilipolia asubuhi, alijiuliza kwa hofu: leo amempa nani kitu changu gani?

Evandro alirudisha kibuyu bila neno, akijua desturi. Akachukua chupa, akajaza mwenyewe, akampa. Marlise akanywa taratibu mpaka mrija ukakoroma. Akakiweka kibuyu mkononi mwa Evandro, akamfunga vidole juu yake.

"Asante, Evandro," alisema.

Evandro hakujaza tena.