Mahindi Kwenye Stoo ya Roketi

Chepyegon, mume wa shangazi yangu Chepkemboi, alikuwa na kazi iliyoonewa wivu hata na manyapara. Miaka ile ya tisini, shamba moja kubwa la chai nje ya Kericho lilikuwa na roketi. Cheka ukitaka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kule mvua ya mawe haina adabu, ikipiga dakika chache tu chai inabaki vijiti. Basi wenye shamba wakasimika mabomba ya chuma juu ya kilima, na Chepyegon akapewa mbingu azilinde. Wingu likija limevimba na tumbo lake limekuwa la kijani, aliunganisha waya na kubonyeza swichi, roketi ikapanda kupasukia humo ndani kabla mawe hayajakomaa.

Kupiga kulikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuzitunza, maana roketi haitaki unyevu na Kericho ni unyevu mtupu. Stoo yake ilikuwa na bati jipya, sakafu ya mbao na balbu kubwa zilizowaka kutwa kucha. Katika shamba zima hapakuwa na chumba kingine kikavu namna ile.

Hapo ndipo alipoharibu. Oktoba hiyo mvua iligoma kukatika, mahindi yake yakaanza kuota yangali kwenye magunzi. Chepyegon akayabeba hadi stoo, akayamwaga sakafuni chini ya balbu, katikati ya masanduku ya roketi. Yakakauka vizuri sana. Maji yake yalikwenda wapi, hakujiuliza.

Asubuhi moja Nyamusi akapita. Alikuwa mjane kutoka Kisii, aliyeishi kwenye kambi ya wafanyakazi na mwanawe Kebaso, mchumaji chai. Alisimama mlangoni na kuku wake kwapani, akaona mahindi, akacheka.

"Baba Fancy, kumbe hii stoo imekuwa ghala? Nipee kidogo ya huyu kuku."

Chepyegon akamjazia leso. "Usiambie mtu, Mama Kebaso."

"Nitaambia nani mimi?"

Alasiri wingu likaja kutoka upande wa msitu, zito, la kijani. Chepyegon akabonyeza swichi. Kimya. Akabadilisha roketi, akabonyeza tena. Ikatoa moshi kidogo, ikalala. Aliposhika utambi wake aliukuta umelowa, akajua maji ya mahindi yalikuwa yamekwenda wapi.

Mawe yalianguka makubwa kama ndimu. Yalipokwisha, kilima kilikuwa cheupe na chai haikuwa na jani la kuchuma. Kabla hajaenda popote, Chepyegon aliyafagia mahindi yake, akayapitisha nyuma ya stoo hadi nyumbani.

Watu walikusanyika kwenye banda la kupimia chai wakiwa na hasira, maana bila majani hakuna kazi. Mtu akasema alimwona Nyamusi akitoka stoo. Nyapara Gibson akamgeukia Chepyegon.

"Ni ukweli huyu mama alikuja huko?"

Nyamusi hakubisha. Alimtazama tu Chepyegon, uso umetulia, akimngoja aseme.

"Alikuja," Chepyegon akajibu. "Alisimama kwa mlango."

"Akifanya nini?"

Chepyegon akaangalia gambuti zake. "Alikuwa ameshika kuku."

Hakuna neno la uongo hapo, na hilo ndilo lililomla maisha yake yote. Watu wakapiga kelele kwamba kuku huyo ni wa uchawi, na Nyamusi ni mchawi. Vyombo vyake vikatupwa nje, akafukuzwa katika baridi ile ile hadi barabara ya kwenda kwao. Kesho yake alikutwa chini ya ua wa chai, amejikunja, amekufa.

Shangazi alipopika ugali wa mahindi yale, mumewe alitia tonge mdomoni, akashindwa kulimeza.

Zikaletwa roketi mpya. Wingu la kwanza lilipokuja, Chepyegon akaunganisha waya akiwa stoo. Nyuma yake mtu akakohoa. Akageuka. Mlango ulikuwa mtupu. Akashika swichi.

"Baba Fancy." Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayetetemeka kwa baridi. "Sema."

Roketi ikapanda, ikapasuka vizuri. Wingu likatawanyika. Watu huko chini wakashangilia wakisema mchawi ameondoka na mkosi wake. Yeye alitamani ardhi immeze.

Ikawa hivyo kila wingu. Kikohozi. Jina lake. Sema. Siku moja alitoka nje kwenye mvua kubwa na kuona kipande cha ardhi kando ya mlango. Kila mahali palikuwa tope. Hapo palikuwa pakavu. Upana wa mtu aliyeketi, amekunja miguu. Matone yalikuwa yakikatikia hewani juu yake, kama yanagonga kichwa na mabega. Akainama, akagusa udongo.

Ulikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu ametoka kukiinukia.

Akakimbia hadi kwa Kebaso, akamvuta nyuma ya nyumba, akamweleza yote akilia. Kebaso alisikiliza, kikapu bado mgongoni.

"Nilikuwa najua," akasema. "Mama aliniambia kabla aende. Alikataa nikutaje. Alisema wewe si mtu mbaya, utasema mwenyewe. Akasema hata kama ni kungoja, atangoja."

"Nisamehe, Kebaso."

"Mama ulimtaja mbele ya watu wote. Hii ya kumsafisha mbona unaniletea huku nyuma ya nyumba?"

Jioni hiyo Chepyegon alipita banda la kupimia chai, watu wamejaa, Gibson yuko. Alifungua mdomo. Akaulizwa ana shida gani. Akasema hana shida, akaenda zake.

Aliacha kazi mwaka uliofuata, akafa akiwa hajawahi kusema mbele ya watu. Mbali na Kebaso, ni shangazi pekee aliyeambiwa, kitandani, siku za mwisho, naye ndiye aliyenisimulia. Roketi ziliondolewa zamani na stoo ikabomolewa, zimebaki nguzo mbili za mlango. Mimi nilikwenda kuona, mvua ikinyesha. Pale kando ya nguzo ni pakavu mpaka leo. Nilimuuliza mchumaji mmoja ni nini kile, akavuta mwanawe kando asipakanyage.

"Hapo kulikuwa na mchawi fulani kutoka Kisii," akaninong'oneza. "Si unaona hata mvua inamuogopa?"

Nami, kwa aibu, nikaitikia kwa kichwa.