Mbuzi wa Padri Amekula Kofia

Mmenijia tena. Kila nikikaa kumenya viazi vyangu lazima mtu atokee na "Bibi, hebu tusimulie ya kwa Léocadie," kana kwamba ni ngano ya sungura. Haya, kaeni. Atakayecheka aondoke, na atakayelia aondoke pia; sina leso ya mtu.

Ilianza na supu. Ilikuwa mwezi wa nne, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwaka wa tatu tangu Wajerumani waikalie nchi yetu hii ya mabwawa. Léocadie alikuwa amepika supu ya liki, yale majani marefu ya jamii ya vitunguu, kama alivyoipika tangu aolewe. Alipofunua chungu, mvuke ukampanda puani na harufu ya petroli na mpira uliolowa. Akaonja: liki. Akanusa: petroli.

"Anselme, umeshika mashine leo?"

"Mashine gani, mke wangu? Nimeshinda na mbuzi."

Léocadie akafunika chungu, maana harufu ile aliijua. Siku tatu nyuma alisimama ukingoni mwa bwawa, wanaume wakimvuta kijana aliyekufa maji, kamba za mwavuli wake wa kurukia kutoka ndegeni zimemfunga miguu kama kuku wa sokoni. Nguo yake nzito ilinuka hivyohivyo.

Na aliyemtia bwawani alikuwa yeye, Léocadie.

Mumewe alikuwa mkubwa wa washika taa. Mbalamwezi ikiwa nzuri, ndege ilitoka Uingereza kwa siri kuangusha watu wa kupigana na Wajerumani huku ndani, na Anselme na wenzake waliwasha taa tatu kondeni ili rubani apaone. Lakini kwanza redio ya London ilipaswa kutamka sentensi yao, na kuitamka mara mbili. Kila kikundi kilijichagulia yake. Wenye akili walichagua mashairi. Anselme akachagua "Mbuzi wa padri amekula kofia." Padri, ambaye naye alishika taa, alinuna wiki nzima, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jioni moja, kabla kijana yule hajafa maji, Anselme alikuwa anakamua mbuzi, na Léocadie ndiye aliyeinamia redio nyuma ya gunia la ngano. Alisikia. Mara ya kwanza na mara ya pili, wazi kama kengele ya kanisa. Lakini wiki hiyohiyo Wajerumani walikuwa wamewapiga risasi washika taa wawili wa kijiji jirani, na wake zao wakalazimishwa kutazama. Anselme akaingia na ndoo.

"Vipi? Wametuita?"

"Wakuite wewe nani? Kelele tupu. Wajerumani wanavuruga mawimbi."

Usiku ndege ikaja, ikazunguka juu ya paa. Anselme akaketi kitandani. "Yetu hiyo!"

"Yao hiyo. Lala."

Akalala. Alikuwa mwanamume wa kumwamini mkewe. Huko juu rubani alitafuta taa hata akaona mioto mitatu ya wachoma mkaa ng'ambo ya bwawa, akamwangusha mgeni wetu hapo, naye akaangukia majini. Asubuhi kila mtu aliilaani redio, na Léocadie aliilaani kuliko wote.

Baada ya supu ikaja sauti. Saa sita mchana, jua kali, redio imezimwa, Léocadie anaminya jibini kwenye kitambaa, mara gunia la ngano likasema, kwa sauti ya mtu mwenye maji kooni: "Mbuzi wa padri amekula kofia."

Mara moja tu. Kisha kimya, kimya cha mtu aliyesimama mlangoni.

Kesho yake likasema birika. Keshokutwa kisima. Akaziba masikio kwa nta ya nyuki, na sauti ikatoka ndani ya nta.

Siku ya nne akamkuta Anselme amekaa na kijiko hewani.

"Umesikia?" Anselme akanong'ona.

"Sikusikia kitu."

"Wanasema mara moja tu, Léo. Mbona hawarudii?"

Akachukua taa zake tatu, akaziwasha juani, akaenda zake bwawani, akasimama majini hadi magotini akitazama mbinguni. Alipovutwa nje hakukumbuka chochote. Kesho yake maji yalimfika kiunoni. Siku iliyofuata Léocadie alimfungia chumba cha juu, lakini saa sita ilipogonga alisikia buti zilizojaa maji zikipanda ngazi, chwaka, chwaka, na harufu ya petroli ikapita chini ya mlango mbele ya buti, na komeo ambalo yeye mwenyewe alilifunga likajivuta polepole kama linavutwa na mtu mwenye adabu asiyetaka kuamsha watoto, na Anselme akatoka akitabasamu, mkono wake umeshikwa na kitu ambacho Léocadie hakukiona ila aliona maji yakidondoka pembeni ya mumewe, tone baada ya tone, hadi uani.

Léocadie alikimbilia kwa Mama Ursule, mganga wa kupuliza majeraha ya moto.

"Mama, nifukuzie jini. Linamtaka mume wangu."

Mama Ursule alikuwa ananyonyoa bata, wala hakuacha. "Jini! Wewe unamwalika mtu, unamfungia mlango, halafu unamwita jini?"

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Sikiliza, binti. Mimi natoa moto, natoa chango. Uongo sitoi. Uongo hutapikwa na aliyeumeza. Huyo anangoja mara yake ya pili, na mumeo anangoja naye. Kimbia, maana hawatangojea nchi kavu."

Alikimbia. Padri na wachoma mkaa walikuwa ukingoni wanatupa kamba, na Anselme haishiki. Maji yalikuwa kidevuni. Léocadie akatazama zile nyuso, watu wote aliowahi kukopeshana nao chumvi, akatamani ardhi impasukie. Ardhi ya kwetu ni tope tu, haikumsaidia.

"Mbuzi wa padri amekula kofia!" akapiga kelele. "Ilisemwa mara mbili! Nilisikia zote mbili, Anselme! Nilikuficha!"

Maji yakatulia. Harufu ikaondoka kama mtu aliyepewa ruhusa. Anselme akageuka, akashika kamba, akatoka peke yake. Alimpita mkewe bila kumgusa.

Hakumpiga. Hakumwacha. Alikaa naye miaka thelathini na mmoja, alikula alichopika, alimkatia kuni. Lakini tangu siku ile, Léocadie akisema mvua inanyesha, Anselme alisimama akaenda mlangoni kutazama. Akisema maziwa yamechacha, alionja. Na siku aliyomwambia kutoka kitandani, "Anselme, nakufa, kaa nami," Anselme alivaa kofia akaenda kumuuliza daktari kama ni kweli.

Aliporudi, mwili wa mkewe ulikuwa umekwisha kuwa baridi.