Matairi ya Mwendopole

"Shemeji, acha hizo risiti kidogo. Njoo uone kitu."

Fundi si mtu wa kuniita nje bila sababu. Kazi yake ni kufungua na kufunga matairi na breki, yangu ni kukaa kwenye kidirisha cha keshia, kupokea pesa na kutoa risiti. Nikatoka. Alikuwa amelilaza tairi kubwa la lori sakafuni, mguu mmoja juu yake kama mwindaji.

"La nani?"

"La mchumba wako."

"Haiwezekani."

"Nimelitoa mwenyewe sasa hivi. Na wenzake watatu wako hivihivi."

Nikachuchumaa, nikapitisha kidole. Kingo zote mbili zilikuwa zimelika hadi nyuzi zinachungulia, huku katikati bado pana uhai. Ubavuni palikuwa na mpasuko mwembamba kama ufa wa chungu. Nimeuza matairi miaka ya kutosha. Barabara mbovu hulitoboa tairi na kulichana, lakini haili kingo mbili kwa pamoja. Kinachokula hivyo ni mzigo uliozidi.

Na huyu ndiye mtu niliyempenda kwa sababu ya matairi yake.

Msinicheke. Ukikaa pale dukani utaona matairi yanavyowasema wenye nayo: huyu anakimbiza, huyu anakanyaga breki kwa hasira, huyu hajapima upepo tangu azaliwe mtoto wake wa kwanza. Yake yalikuwa yamezeeka kwa heshima, sawasawa kila upande. Lori ni la kwake, kalinunua kwa mkopo ambao bado anaulipa, na kila kinachoharibika kinatoka mfukoni mwake. Wenzake wakambatiza Mwendopole, wakasema kobe akiwa na haraka humpita mlimani. Hakuwahi kununa.

"Wao wanakimbiza lori la tajiri," aliniambia. "Mimi nikikimbiza, najikimbiza mwenyewe."

Alinitongoza kwa mwendo huohuo. Miezi nenda miezi rudi alikuja kununua vifuniko vya valvu, kimoja kimoja, mpaka Fundi akamwambia hakuna lori duniani lenye valvu nyingi kiasi hicho. Mimi nina binti mdogo, ambaye baba yake alikimbia kabla hajazaliwa. Nilimweleza hilo mapema, ili kama ni kukimbia naye akimbie nikiwa bado sijamzoea. Akauliza tu mtoto anapenda nini. Nikasema anapenda honi za malori. Jioni hiyo akapita kwetu na lori, akapiga honi, na mwanangu akampa jina papo hapo: Anko Honi.

Sasa nikachukua simu, nikamwandikia: "Matairi yako yamefanya nini?"

Jibu likaja upesi mno kwa mtu wa jina lake: "Barabara tu mpenzi. Upande ule ni mbovu sana. Usijali."

Nikalisoma mara mbili. Mtu anaweza kunidanganya kwa mengi, ila si kwa tairi.

Shangazi aliyenilea alishanionya kwamba dereva ana nyumba kila mji anaopita, na ukimwona ghafla anatafuta pesa kwa nguvu, ujue kuna paa linaezekwa mahali. Siku zote nilikuwa nacheka. Siku hiyo kicheko kilinikauka. Nikamwomba Fundi anikalie kwenye kidirisha, nikaelekea yadi ya nyuma.

Lori lilikuwa limeinuliwa kwa jeki upande mmoja. Mwenyewe yuko kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, kikombe cha chai mkononi. Nikapanda upande wa pili, nikafunga mlango wangu.

"Keshia wangu," akasema. Ndivyo anavyoniita.

"Unabeba kiasi gani siku hizi?"

"Kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Akaanza habari za mashimo, za mvua, za daraja lililobomoka. Nikamwacha amalize. Mwalimu wetu wa hesabu katika masomo ya jioni hupenda kusema kwamba hesabu mbovu ukiiacha iendelee itajifunga yenyewe. Ikajifunga. Akabaki anakizungusha kikombe.

"Unamjengea nani?" nikauliza.

"Kumjengea vipi?"

"Mtu haui lori lake kwa ajili ya pesa ya kula. Kama kuna mwanamke, niambie sasa nikiwa nimekaa."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Kisha akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Mwanamke yupo. Yuko dukani anauza matairi. Na shangazi yake anataka ukumbi."

Ndipo nikasikia yaliyofanyika nyuma ya mgongo wangu. Shangazi alimwita jioni moja nikiwa darasani. Akamwambia kwamba mimi siolewi kwa minong'ono: anataka ukumbi, watu mia tatu, kabla ya mwaka kwisha. Akishindwa, asirudi. Na nisiambiwe neno. Mwendopole akakubali yote. Akamtafuta dalali wa mizigo anayejulikana kwa kujaza malori kupita kiasi, yule ambaye madereva wake huzunguka njia za vumbi ili wasipite mizani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Unaambiwa lete ukumbi, halafu ukamlilie mchumba?"

"Na lori je?"

"Lori linavumilia."

"Lori halivumilii. Linaandika deni. Springi ziko salama?"

"Moja imevunjika."

"Breki?"

Akatazama nje.

"Nimeuliza breki."

"Kwenye mteremko wa mwisho zilitoa moshi," akasema. "Nikashuka kwa gia mpaka chini. Nilikuwa naomba Mungu huku najua kosa ni langu."

Nilikuwa nimekuja na wivu wangu mkubwa, nikakosa pa kuuweka. Nilichoona mbele yangu ni mteremko ule na yeye ndani ya kibati hiki, ameushika usukani kama mtu ashikaye pembe za ng'ombe. Nikamwambia anisikilize, nikaanza kuhesabu kwa vidole: matairi manne mapya, springi, breki, na mafuta, maana lori likilemewa hunywa dizeli kama halijawahi kuiona. Ziada yote aliyoipata kwa mizigo ile ingeishia kwenye kidirisha changu mwenyewe.

"Kwa hiyo ukumbi?" akauliza.

"Hujapata hata kiti kimoja."

"Hata kimoja?"

"Labda kitambaa cha meza."

Safari hii akacheka kweli, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Hapo simu yake ikaita. Ni dalali. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Pokea," nikamwambia. "Sikukatazi. Lori ni lako na roho ni yako. Langu ni moja: ninayemtaka ni wewe. Ukumbi sikuuomba."

Akapokea, akaweka spika.

"Mwendopole, mzigo uko tayari, unapakia leo. Ni ule wa kujaza mpaka lori liite mama yake."

"Nitabeba unaoruhusiwa na mizani. Zaidi ya huo, hapana."

"Umekuwaje leo? Jana ulikuwa mwanamume."

"Jana nilikuwa mjinga. Kwa mbali wanafanana."

"Wenye malori wamejaa mtaani, kaka."

"Basi hutakosa."

Akakata. Akasema huenda wiki nzima ikapita bila mzigo. Nikamjibu kwamba wiki ya kukaa ina bei nafuu kuliko mteremko mmoja. Akakubali kwa kichwa, lakini bado uso haukumtulia.

"Limebaki gumu kuliko dalali," akasema.

"Shangazi."

"Shangazi," akaitikia, kama mtu anayetajiwa jina la ugonjwa wake.

Tulimkuta sebuleni kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mwanangu alikuwa chini ya meza na vitambaa vyake. Tukamwamkia, tukaketi. Shangazi akaitikia bila kuinua macho, akauliza kama tumekuja kumpa tarehe ya ukumbi.

Nilitaka kusema mimi. Mwendopole akanigusa goti, nikamwachia.

"Shangazi, ukumbi siwezi," akasema. "Nilikubali kwa aibu. Nimebeba mizigo ya kuzidi ili niupate, nimeharibu matairi, nimevunja springi, na mlimani nusura nisirudi. Nikiendelea, mwakani lori halipo, na huenda mimi pia sipo."

Cherehani ikasimama.

"Nikiwa nabeba mzigo wa haki, nalipa mkopo, nalipa mafuta, na kinachobaki kinatosha nyumba yenye watu watatu. Si tajiri, ila hatutalala njaa. Kwa ukumbi ningempa huyu siku moja. Mimi nataka kumpa zilizobaki zote."

Shangazi akavua miwani. Akaniangalia mimi, si yeye.

"Unakumbuka walivyokucheka? Tumbo lilipoonekana, majirani walikuja mlangoni kuchota maji bila ndoo. Nilitaka safari hii waje wote, wale, washibe, wanyamaze."

"Watakula, Shangazi," nikasema. "Lakini hawatanyamaza. Wakitoka watasema nyama haikutosha."

"Hilo najua," akasema kwa sauti ya chini. "Nilitaka tu mara moja waseme hivyo wakiwa kwangu."

Hapo nikamwona. Nilikuwa nimekuja kugombana na mwanamke mkorofi, kumbe mbele yangu ameketi mtu aliyeibeba aibu yangu miaka yote hii bila kuishusha hata siku moja. Nikaenda kukaa kwenye mkono wa kiti chake, nikamwambia mimi ile aibu nilishaitua zamani, niliitua pale nilipoanza kusoma jioni na mtoto mgongoni. Akanipiga kiganja kidogo mapajani, kama alivyonifanyia nikiwa mdogo.

Kisha akamgeukia Mwendopole.

"Na hizo breki?"

"Fundi anazibadilisha kesho."

"Lori lisitoke kabla hajamaliza."

"Halitatoka, Shangazi."

"Na wewe uliukubalije upuuzi wangu? Ningekuambia uniletee mwezi, ungetafuta ngazi?"

"Ningetafuta. Ningepanda taratibu tu."

Shangazi akaubana mdomo, lakini mabega yakamsaliti. Alipomaliza kucheka akasema harusi itafanyika hapahapa, sebuleni na uani, na kwamba kuna jambo moja ambalo hasikilizi mtu: gauni langu atashona yeye, na urefu wake asipangiwe na yeyote.

Alilishona. Likafika hadi vidoleni, na mkanda wake ukafungwa mara tatu kiunoni kana kwamba niko njiani kutoroka. Siku yenyewe walikuja watu waliotosha uani, na wachache wakabaki kwenye ngazi. Fundi alivaa suti iliyokuwa imemshinda mabegani. Wenzake Mwendopole waliacha malori barabarani, wakaingia na mikono iliyosuguliwa hadi ikawa myekundu. Bwana harusi alichelewa kidogo, wakasema ilikuwa lazima, jina lina kazi yake. Mwanangu alisimama katikati yetu wakati wote na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Katikati ya shughuli, jirani mmoja, yule mwenye macho ya kupima vitu vya watu, akamwinamia Shangazi na kumuuliza kwa upole mbona ukumbi haukupatikana, kulikoni, hali ni ngumu?

Shangazi alikuwa na trei ya soda. Akaiweka mezani kwanza.

"Ukumbi tuliuacha wenyewe, jirani. Mkwe wangu Jumatatu anakwenda kazini, na nataka arudi. Binti yako ulimwozesha ukumbini, watu mia nne, nilikuwepo nikala. Hebu nikumbushe, mumewe alipoondoka, alirudi lini?"

Waliokuwa karibu wakatazama sahani zao. Mume wangu akaificha sura yake begani mwangu, nikamsikia anavyotikisika kwa kicheko.

Jirani akakohoa, akaomba soda. Shangazi akamchagulia iliyo baridi, akamfungulia mwenyewe, akavuta kiti, akaketi karibu naye.