Mukansanga Alivyofunga Kabla ya Mbio

Habari hii nilipewa na Kabagwira tukipukuchua mahindi hapa Baraka, mwaka ule wa mavuno mengi. Aliiona kwa macho yake alipokuwa na miaka sita, nchi ikiitwa Zaire.

Dada yake Mukansanga alikuwa darasa la sita. Walikuwa wameshuka kutoka milimani Minembwe kusoma, wakikaa kwa shangazi yao Dorothée. Kila asubuhi Mukansanga alichota maji, akanywa uji wa muhogo, na jioni akakimbia na wenzake hadi darajani na kurudi. Jumamosi wangeshindana, na watatu wa kwanza wangekwenda kukimbia Fizi. Nafasi ile aliitamani kuliko nguo mpya.

Basi akafunga. Kwao, ukitaka jambo kubwa kwa Mungu, unafunga na kuomba. Jumatano na Alhamisi chakula chake alimsogezea Kabagwira kimyakimya. Alhamisi jioni, karibu na daraja, nguvu zikamwisha, akaketi chini puu.

“Bantu ba milima!” Suzanne, mmoja wa wenzake wa mbio, akamcheka. “Munajua kukimbia nyuma ya ng'ombe tu!”

Mwalimu Gisaro, aliyewasimamia mazoezini, akamgusa paji la uso. “Uko mugonjwa?”

“Ni malaria, Mwalimu.”

“Basi Jumamosi utabaki. Mugonjwa hakimbii.”

Nyumbani akamkuta shangazi, aliyekwisha kusikia, anajifunga kitenge akamtafutie dawa. Aibu ikamshika.

“Shangazi, si malaria. Nilifunga ili nishinde.”

Shangazi akamtazama, kisha akamshika mkono mpaka kwa mwalimu. “Sema tena hapa.”

Akasema. Mwalimu hakumgombeza.

“Sikia, mwanangu. Chakula unachokula, mwili unakiweka akiba kwenye ini na misuli. Akiba ikiisha, miguu inakataa hata roho ikitaka. Kula leo na kesho, pumzika. Jumamosi anza polepole, mwendo wa kuweza kuongea. Nikikuona imara, utakimbia.”

Jumamosi wenzake walichomoka kama mishale. Mukansanga akajizuia. Baada ya daraja walianza kuhema, naye akawapita mmoja mmoja. Akafika wa tatu, nyuma ya Suzanne.

“Kumbe ng'ombe za kwenu zina mbio!” Suzanne akasema, akimkumbatia.

Jioni walikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani.

“Kuomba tutaomba,” shangazi alisema, “lakini mutoto wa mbio lazima ale. Na ukikosea, sema mapema. Ungenyamaza, ungekunywa dawa ya ugonjwa usio nao.”

Kabagwira akasinzia, kisha shangazi. Mukansanga alinyoosha miguu kwenye mkeka, akaanza kuhesabu siku za kwenda Fizi. Hakufika ya nne, usingizi ukamchukua.