Utepe Tumboni mwa Notburga

Notburga alikuwa mtu wa kucheka, lakini mwezi ule wa kuchuma kahawa alinyamaza. Alikula vizuri na bado akakonda. Kila alipokwenda haja nyuma ya migomba alirudi uso umemshuka. Alikuwa ameona vipande vyeupe, bapa, vinatambaa. Akajua matumbo yanamtoka. Watoto wake wanne wangelelewa na nani?

"Mama Beata, unaficha nini?" mumewe Placidi aliuliza.

"Nimechoka tu."

Siku moja hofu ilimzidi. Alifunga kipande kimoja kwenye jani, akaenda zahanati ya misheni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, mama."

Sista Hildegardi alikitazama kile kipande, akaandika neno kwenye daftari: Taenia. Notburga alilisoma herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa kwenye darasa la ngumbaru.

"Sista, hilo ndilo jina la kifo changu?"

"Ni jina la mnyoo. Sisi tunamwita tegu. Hilo Taenia wataalamu walilitoa kwa Wagiriki wa kale. Maana yake ni utepe."

Alitoa utepe mweupe kwenye kikapu chake cha ushonaji. "Ni mrefu na bapa hivi, ila ameungwa kwa vipande. Vya mwisho hukatika na kutoka. Ulivyoviona ni vyake. Matumbo yako ni mazima."

Notburga alilia, kisha akacheka, kicheko chake kile cha zamani.

"Kaingiaje?"

"Nguruwe mnampikaje?"

"Tukiuza kahawa tunachinja. Siku hizi wanunuzi binafsi wanalipa palepale, watu wakishika pesa hawana subira. Nyama ikibabuka nje, tunakula."

"Na choo?"

"Migombani."

"Nguruwe wenu wanazurura humo humo. Wanakula mayai ya tegu yaliyo kwenye kinyesi, nyama yao inaota punje nyeupe. Ukila nyama mbichi ndani, umemeza tegu. Na mayai yakikufikia mdomoni kwa mikono michafu, punje huweza kuota hata kichwani, ukapata kifafa."

Alimpa vidonge vya kumtoa tegu, na ule utepe akamwongezea.

Placidi alipopata habari alishusha pumzi. Wiki hiyohiyo alichimba choo, akajenga banda la nguruwe. Sabuni ikakaa karibu na maji.

Msimu uliofuata Beata alipokea komunyo ya kwanza, utepe wa Sista kichwani. Nguruwe wa sherehe alichemka tangu asubuhi.

"Bado tu?" Placidi aliuliza kwa mara ya tatu.

Notburga alipasua pande moja, akalikagua hadi ndani. Hapakuwa na wekundu wala punje.

"Sasa kula, baba. Nataka tuzeeke wote."