Ua Chini ya Bakuli

Kila Jumapili asubuhi, nyumba ya akina Nhài mjini Nam Dinh hujaa harufu ya tangawizi na vitunguu vinavyochomwa juu ya makaa. Mama huchemsha mifupa ya ng'ombe, humwaga maji ya kwanza, huiosha mmoja mmoja, kisha huibandika upya. Hapo ndipo pho, supu ya tambi za mchele, huanza, nayo huchukua saa sita.

Jumapili hii haikuwa ya mchezo. Bibi alikuwa ametoka hospitali siku tatu zilizopita, na tangu hapo hakutia kitu tumboni ila vijiko viwili vya uji. Daktari alionya kwamba asipokula atarudishwa kulazwa. Alipoulizwa anatamani nini, Bibi alitaja pho ya nyumbani, yenye mchuzi mwangavu unaokuwezesha kuliona ua lililochorwa chini ya bakuli.

Mama alipotaka kwenda kununua tambi za mchele na kuchukua dawa, alimkabidhi Nhài sufuria. Moto uwe mdogo, povu aliengue, na asithubutu kufunika. Nhài alivimba kwa hasira. Asubuhi ile wenzake walikuwa wakishindana kupiga danadana kwa kipira cha manyoya, na mdogo wake Khoa alikuwa ameshakwenda kutazama.

"Kwa nini kila siku mimi?" alifoka.

"Kwa sababu Khoa ana miaka tisa, na wewe nakuamini," Mama alisema, akaondoka.

Maneno hayo hayakumpoza hata kidogo. Alinyakua upawa, akaengua povu mara mbili huku akinung'unika, kisha akaona anaonewa. Akachochea makaa, akaifunika sufuria ili iive upesi, akatoka uani na kipira chake. Alikipiga teke kwa hasira, akahesabu hadi mia, akaanza tena. Ndani mfuniko ulikuwa ukigongagonga, naye hakuujali.

Alipochoka, aliingia kuufunua. Mchuzi ulikuwa umevurugika, mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Aliuchuja kwa kitambaa, wapi! Akapunguza moto, akauficha mfuniko nyuma ya jiko.

Mama aliingia, akachungulia, akasimama na kapu mkononi.

"Umeufanya nini mchuzi?"

"Sijafanya kitu," Nhài alijibu haraka. "Mifupa ilikuwa inanuka. Bi Thoa ametuuzia mifupa iliyolala."

Mama akawaka. Alitia mfupa mmoja kwenye mfuko, akamshika Nhài mkono na kumkokota hadi sokoni awe shahidi. Mbele ya wateja wote aliutupa mfupa juu ya meza ya Bi Thoa, mwanamke aliyewauzia nyama tangu Nhài hajazaliwa. Alimuuliza kama hana haya kumpa mgonjwa uchafu. Bi Thoa alikipigilia kisu chake kwenye gogo, akajibu kwamba ng'ombe yule amechinjwa alfajiri na hatatukanwa kwenye meza yake. Bibi kizee mmoja aliyekuwa amekwisha kuchagua nyama aliirudisha taratibu, akaenda meza ya pili.

"Haya, sema mbele yake," Mama alimwamuru Nhài. "Ilinuka, haikunuka?"

Nhài alimtazama yule bibi kizee akienda zake, kisha uso wa Bi Thoa uliokuwa umeiva kwa hasira.

"Haikunuka," alisema. "Nilifunika sufuria, nikachochea moto, nikaenda kucheza."

Soko zima lilikuwa likisikiliza. Mama alimwachia mkono. Alimwomba Bi Thoa radhi kwa sauti ile ile kubwa aliyomtukania, kisha akamfuata yule bibi kizee kumweleza ukweli. Bi Thoa alikata mifupa mingine, kila pigo likimshtua Nhài.

"Chukua. Nampa bibi yako, si wewe," alisema. "Wewe bado sijakusamehe."

Walipofika nyumbani Mama alimwonyesha kigoda kilichokuwa karibu na jiko, basi. Nhài alimwaga maji ya kwanza, akaosha mifupa, akakaa. Aliengua povu mpaka mkono ukamuuma, moshi ukimtoa machozi, na machozi mengine hayakuwa ya moshi. Khoa alirudi akishangilia mashindano, akamwona, akachuchumaa kando yake.

Jioni Mama alipanga tambi, nyama na majani ya vitunguu bakulini, akamwagia mchuzi. Nhài alimpelekea Bibi kitandani kwa mikono miwili. Bibi alisogeza tambi kwa vijiti, akachungulia chini, akaliona ua. Alikula na kunywa mpaka bakuli likabaki tupu.

"Asubuhi nilisikia mfuniko ukigonga," alisema. "Nikakuita, sauti haikutoka. Kisha nikasikia ukimsingizia Bi Thoa, lakini mama yako alivyotoka mbio, naye hakunisikia."

Nhài aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na hasira, Bibi."

"Haki yako. Hata mimi ningekasirika kunyimwa mchezo. Ungemwambia mama yako umeharibu, angefoka, na bado tungekula jioni hii hii. Lakini ulichukua kosa lako ukambandika Bi Thoa, ambaye hakukukosea chochote. Hasira ni yako, mjukuu wangu. Uongo ndio ulioenda kumuumiza mtu mwingine."

Akamrudishia bakuli. "Niongeze kidogo. Na kesho asubuhi, kabla ya shule, umpelekee Bi Thoa bakuli lake la pho."