Aliyekuja Mazoezini Badala ya Kiwembe

Jua lilikuwa limeanza kuzama nilipokwenda uwanjani kuchukua jezi chafu. Ndiyo kazi yangu. Timu ya mtaa inacheza, mimi nafua. Wananiita Bibi Sabuni, wala sichukii. Mtaa huu una watu wanaoitwa majina mabaya kuliko hilo, na yanawafaa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kitupu. Vijana walishaondoka. Kapu lilikuwa chini ya dirisha, limefurika. Nikaanza kuzitoa jezi na kuzigeuza upande wa nje, maana vijana huvua jezi kama wanachuna mbuzi.

Mfuaji hana haja ya kusoma namba mgongoni. Pua inamtosha. Ya nahodha inanuka mafuta ya nyama, kwa sababu mchana yuko buchani. Ya mjukuu wangu Kiwembe inanuka dawa ya kuchua, ile ninayomsugua miguuni kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaishika ya Kiwembe.

Ilikuwa na vumbi mpaka kwapani. Majani yameganda kifuani. Imechezewa kwelikweli.

Nikasimama kama nguzo. Kiwembe nilikuwa nimemwacha nyumbani, amelala chali kwenye kochi, anagombana na dari.

Nikainusa.

Haikunuka dawa. Haikunuka jasho. Ilinuka... niseme nini? Kama chumba kilichofungwa siku nyingi, ile hewa ya kwanza inayokupiga usoni ukifungua.

Ngoja niwaeleze ugomvi wenyewe, maana pasipo umbea kidogo hamtaelewa. Kiwembe ana kipaji, hilo hata adui zake wanalisema. Mpira ukiwa mguuni kwake, mabeki wanakaa chini wenyewe bila kusukumwa. Lakini mdomo! Alitaka unahodha. Kocha akampa kitambaa yule wa buchani, mtu mzito, mpole, anayefika mapema kuliko wote. Mjukuu wangu akavimba kama andazi. Mazoezi ya jioni kocha aliyaita ya hiari, basi Kiwembe hakuyakanyaga tena.

"Ya hiari, bibi," ananijibu. "Na hiari yangu inataka kulala."

"Mume wangu, asiyekuwapo na lake halipo."

"Acha lisiwepo! Watakuja hapa kunibembeleza. Yule muuza maini atafunga goli gani?"

Na siku aliyosusa, nimesimuliwa na watu walioshuhudia, alivua jezi mbele ya wenzake akaitupa kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Benchi halikuwa na mtu. Akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Nafasi yangu hiyo! Anayeitaka aichukue!"

Maneno hayo mtu husema akiwa na hasira, sawa. Lakini huyasemi ukiwa umelitazama benchi tupu, jioni jioni.

Basi nikajitwika kapu, nikatoka. Kocha alikuwa anafunga geti.

"Shikamoo, Bibi Sabuni."

"Marahaba, mwanangu. Jezi ya Kiwembe leo kaivaa nani?"

Akacheka. "Kaivaa Kiwembe, ataivaa nani? Nilitaka hata nikupongeze. Mjukuu wako amebadilika! Tangu ule ugomvi hajakosa. Anakimbia, hachoki. Na wala hafungui mdomo kulalamika."

"Anasema nini?"

"Nakwambia hafungui mdomo, bibi. Hata pasi haombi. Tunashangaa tu mpira umemfikia."

"Uso wake umeuona?"

"Nawe bibi! Giza linaingia, watu wanakimbia huku na huku, nimtazame uso nataka kumchumbia?"

Nikacheka pamoja naye. Kisha nikaharakisha nyumbani.

Nyumbani Kiwembe alikuwa palepale kwenye kochi. Nikamuuliza kama ametoka. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akajibu kitu, sikusikia. Nikamsogelea.

"Koo tu," akanong'ona. "Limekauka."

Hapo ndipo nikaanza kuunganisha. Asubuhi ile alikuwa ameniambia, kwa kukasirika, kwamba mwenye duka amemwacha amesimama dirishani kama vile haonekani. Jirani alipita mlangoni akanisalimia mimi, yeye hakumsalimia, na tulikaa kwenye kizingiti kimoja. Na lile lalamiko lake la kila siku, kocha hivi, nahodha vile, lilikuwa limepungua kama maji ya mtungi unaovuja. Mimi nilidhani hasira zinamtoka. Nikafurahi nyumba imetulia.

Nikamshika mguu nimsugue dawa.

Baridi. Mpaka juu ya goti.

Asubuhi nikamwendea mtunza uwanja. Mzee huyu ujanani alinitaka nikamkataa, na mpaka leo akichora mistari ya chokaa anachora kwa kununa. Nilimkuta ameinama.

"Umekuja kusema nakubali?" akaniuliza bila kuinuka.

"Meno yako yakirudi nitafikiria. Niambie kuhusu lile benchi."

Akaacha kuchora. Akatazama kule lilipo, halafu akahama, akalipa mgongo.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akanong'ona, na harufu ya tumbaku ikanijia. "Alikuwepo kijana hapa, zamani. Kila mechi anavaa, anapasha misuli, anakaa. Haitwi. Msimu mzima haitwi, na mwingine, na mwingine. Akafa hivyo hivyo. Walimkuta palepale, amefunga kamba za viatu, yuko tayari."

"Jina lake nani?"

"Ndiyo maana hakuitwa. Hakuna aliyelikumbuka."

Nikamweleza ya jezi, ya miguu, ya koo. Akanisikiliza, chokaa inamwagika mkononi hata hajui.

"Mimi ni mtu wa mistari tu," akasema. "Sijui mengi. Lakini nafasi alipewa, tena kwa sauti. Miguu naona keshaanza kuipata. Kimebaki kitu cha kuitia pasi. Akikipata hicho... wako ndiye atakaa benchi."

"Nafasi yake airudishe vipi?"

"Aingie mwenyewe, aombe mpira kwa aliye nao. Aombe, siyo adai. Na aombe angali na sauti ya kuombea."

Jioni nilimvuta Kiwembe mkono kama ng'ombe wa mnada. Njia nzima analegea, anaburuta miguu. Tukafika mazoezi yako katikati. Anga limebaki na wekundu kidogo nyuma ya goli, kila mchezaji ni kivuli kinachohema. Unasikia vishindo vya mpira. Pu. Pu. Na vijana wanavyoitana: "Huku!" "Nyuma yako!" "Lete, lete!"

Mmoja tu alikuwa kimya.

Alikuwa pembeni, upande wetu, ule upande wa Kiwembe. Jezi ya Kiwembe, ile niliyoifua na kuirudisha asubuhi. Mwendo wa Kiwembe, ule wa kuinamisha bega la kushoto kama anaeleka mtoto. Anakimbia kwenye nyasi kavu...

Na hakuna sauti ya hatua.

Kiwembe akanishika bega.

"Bibi," akanong'ona. "Yule ni mimi."

"Siyo wewe! Wewe unanuka dawa yangu. Haya ingia, mwombe nahodha mpira."

Nawaapia, na hali ile, miguu baridi, sauti imebaki uzi, mjukuu wangu alinigeukia akakunja uso.

"Nimwombe yule? Wa maini?"

Ningemzaba kofi kama ningekuwa na muda. Yule wa pembeni alikuwa amesimama.

Akatugeukia.

Uso sikuuona, au niliuona na haukuwa na kitu cha kukumbuka. Ni kama uso wa mtu uliyepishana naye njiani. Lakini mdomo niliuona. Ukafunguka taratibu. Ukatoa kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha Kiwembe.

Mjukuu wangu akajishika koo kwa mikono yote miwili. Akafungua kinywa, nikaona ulimi unahangaika, hakuna kinachotoka. Kule uwanjani, yule mwingine akajaribu tena.

"Na..."

Wachezaji wakaanza kusimama, mmoja mmoja. Kocha akaweka filimbi mdomoni, haikulia. Nahodha alikuwa na mpira mguuni, anatazama pembeni, anaona Kiwembe ndani ya mstari na Kiwembe nje ya mstari.

"Naho..."

Nisingesimama tu nimwangalie mtoto wa mwanangu akimalizwa mbele yangu. Nami kitu pekee nilichojaliwa duniani ni mdomo. Nikaingia uwanjani na kanga yangu inaburuta.

"Ee wewe!" nikapiga kelele. "Wewe wa benchi! Sauti ya huyo itakufaa nini? Ya kununa na kulalamika tu! Kama unatafuta sauti, mbona hii yangu hujaiona? Inasikika mitaa yote, haijawahi kuchoka! Njoo huku!"

Akaacha kumtazama Kiwembe.

Akanitazama mimi.

Na dakika hiyohiyo nikasikia nyuma yangu mtu anavuta pumzi, ndefu, kama aliyeibuka majini. Kisha sauti ya mjukuu wangu, imekwaruza, imevunjika, lakini yake.

"Nahodha!"

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

"Nahodha, naomba! Nakuomba, kaka... nipe!"

Yule wa buchani hakusita. Aliupiga mpira chinichini, ukapita katikati ya watu, ukampita yule wa pembeni karibu na mguu, ukatulia kwenye mguu wa Kiwembe, keshavuka mstari. Pu.

Nilipogeuka tena pembeni palikuwa na jezi tu, imelala kwenye nyasi, mikono imetandazwa.

Hakuna aliyeuliza kitu. Wanaume wakiogopa sana hujifanya hawakuona. Kocha alisema giza limeingia, mazoezi yameisha. Nahodha akaja akampa Kiwembe mkono, na Kiwembe akaupokea kwa mikono miwili. Tulirudi nyumbani mjukuu wangu analalamika njia nzima. Viatu vinambana, uwanja mbovu, mimi namvuta sana. Nikaona raha, utadhani naimbiwa harusini.

"Lalamika, mume wangu," nikamwambia. "Lalamika mpaka ulale."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema kwa sauti yangu nzima.

Nilipoamka koo lilikuwa kavu. Nikanywa maji, nikanywa chai, nikanywa asali. Jioni nikawa nanong'ona. Kesho yake hata kunong'ona hakuna. Daktari aliingiza taa kinywani, akasema koo ni zima kabisa, labda ni uzee. Mtaani walicheka, na sijawalaumu. Hata mimi ningecheka. Bibi Sabuni kanyamaza! Walisema sasa siri zao zitapona.

Kiwembe hakosi mazoezi tena, ya hiari wala ya lazima. Nilimwandikia kwenye karatasi aache, tutahama, atapata timu nyingine. Herufi zangu zimelala kama kuku kapita, lakini alizisoma. Akanibusu kipajini. "Bibi, ningekimbia ningemwachia nani nafasi?"

Nikaona ana haki. Nikamwacha.

Halafu jirani yangu akaja na habari, mwenyewe anacheka. "Shoga, kumbe unatuzuga! Jana jioni nimepita karibu na uwanja, nimekusikia. Umekaa kule bench­ini unapiga soga peke yako! Unataja mambo ya watu, ya mwenye duka, ya mke wa fundi, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikakuita hukugeuka."

Jana jioni nilikuwa jikoni, nachambua mchele.

Nilimshika mkono, nikatikisa kichwa, nikatikisa tena. Hakuelewa. Akaniambia nipumzike.

Leo mazoezi hayapo. Kocha amesafiri, geti limefungwa, Kiwembe mwenyewe ndiye aliyeniambia. Tumekaa barazani, yeye mbele kwenye ngazi, mimi nyuma yake kwenye kiti changu. Jua limezama. Mtaa umetulia.

Ikaja kutoka upande wa uwanja. Nyembamba kwanza, halafu karibu, halafu kwenye kona ya nyumba.

"Mume wangu! Njoo unisaidie kapu hili, limenishinda!"

Sauti yangu. Ile ile, na kile kicheko changu mwishoni.

Nikampiga Kiwembe mgongoni. Nikampiga tena. Hakugeuka. Ameshainama, anavaa viatu.

"Nakuja, bibi!" akaitika.

Akasimama.

Amenivuta na kiti changu mpaka ukingo wa ngazi, hanioni wala hajui nani anamzuia, anadhani jezi imenaswa, anatukana msumari. Karatasi hii na kalamu nimevipata miguuni, na nyie mtakaoiokota, msiitike mkinisikia. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeishika jezi yake, na jezi inaanza kuchanika.